Bonde Kavu Lina Mwenyewe

Katika siku za mwisho za mwezi wa Julai, 2022, mji wa bandari wa Fujairah, katika nchi ya Falme za Kiarabu, uliamka ukiwa chini ya maji. Huo ni mwezi ambao katika sehemu hizo za dunia jua huwaka kama tanuri, na mtu hatazami juu kutafuta wingu kwa kuwa anajua hataliona. Lakini kwa muda wa siku mbili ngurumo na radi zilifuatana juu ya milima, na pale bandarini vipimo vikaonyesha milimita 255 za mvua. Kiasi kama hicho kilikuwa hakijapata kupimwa nchini humo katika mwezi wa Julai kwa karibu miaka 30. Watu saba walipoteza maisha yao. Mamia waliokolewa wakiwa wamekwama majumbani na ndani ya magari, na maelfu wakapewa hifadhi ya muda mahali penye usalama.

Ili mtu aone uzito wa jambo hilo, yafaa afanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 255 juu ya paa hilo peke yake ni zaidi ya lita 20,000, yaani mapipa 100 ya lita 200 kila moja. Sasa na azidishe hesabu hiyo kwa mapaa yote ya mji, kwa barabara zote za lami, na kwa milima mitupu inayouzunguka mji, ambayo haina msitu wala majani ya kuyazuia maji. Tena akumbuke kwamba katika nyanda nyingi za nchi hiyo mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100 tu, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Maji ya miaka miwili na zaidi yaliteremka kwa siku mbili.

Pengine mtumishi wa Serikali aliye ofisini Dodoma au Singida, au mwalimu aliye darasani Mtwara, atauliza habari za jangwa la Arabuni zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Bahari ipigayo pwani za Fujairah na Muscat ni mkono wa Bahari ya Hindi ile ile ipigayo pwani za Tanga na Unguja. Upepo wa kusi uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Unguja kwenda Oman ndio huo huo upelekao unyevu katika nchi hizo. Nchini Oman wako watu wengi ambao hadi leo huzungumza Kiswahili majumbani mwao na wana jamaa zao katika visiwa na katika bara la Tanzania. Na juu ya yote hayo, makosa yanayoigeuza mvua kuwa maafa huko hayajui mpaka wa nchi.

JANGWA NA MVUA YAKE

Si kweli kwamba nchi hizo hazina mvua kabisa. Zina mvua yake, na mvua hiyo ina desturi yake. Milima ya Hajar imejipinda kama upinde kwa urefu wa kilomita 700 hivi, tangu rasi ya Musandam hadi karibu na Ras al Hadd, na kilele chake cha Jebel Shams hufikia kiasi cha mita 3,000. Wakati wa majira ya joto miamba hupata moto mchana kutwa, na hewa iliyo juu yake hupanda. Upepo wenye unyevu kutoka baharini huingia kushika nafasi yake, ukakutana na upepo mkavu utokao jangwani. Ikifika alasiri mawingu marefu husimama juu ya vilele, na mvua ya radi hunyesha kwa muda mfupi katika bonde moja huku bonde la jirani likibaki kavu.

Huko kusini, katika jimbo la Dhofar, mambo ni mengine. Upepo wa kusi huyasogeza maji ya juu ya bahari, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua mahali pake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi hugeuka ukungu na manyunyu, na milima inayouzunguka mji wa Salalah huwa kijani tangu Juni hadi Septemba. Waarabu huyaita majira hayo kharif. Haya ni manyunyu ya upole, siyo mvua za radi, na watu husafiri kutoka nchi zote za Ghuba kwenda kuyaburudikia.

Mwaka 2022 desturi hiyo ilivunjika. Pepo za msimu za Bara Hindi zilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Eneo la mgandamizo mdogo wa hewa lilisogea kutoka mashariki kupitia upande wa Pakistan na Iran hadi Bahari ya Oman, likiwa limebeba mvuke mwingi, na mvuke huo ukapandishwa na milima ya Hajar. Matokeo yake hayakuishia Fujairah. Tarehe 22 Julai mwaka huo huo, katika wilaya ya Estahban, jimbo la Fars nchini Iran, mto uliokuwa mkavu ulifurika ghafla na kuwachukua watu waliokuwa wakipumzika kandokando na ndani ya njia yake. Waliokufa walizidi 20. Nchini Pakistan mvua za mwaka huo ziliwaua watu zaidi ya 1,700 na kuwadhuru wengine wapatao milioni 33, na majimbo yaliyoumia kupita yote yalikuwa Sindh na Balochistan, ambayo kwa kawaida ni makavu.

Wako wanaostaajabu jinsi nchi yenye kiu inavyoweza kuuawa na maji. Jambo hilo halina muujiza. Ardhi iliyokaa miaka mingi bila mvua huwa ngumu kama sakafu, na milima yake ni miamba mitupu. Maji yanayoanguka hapo hayana mahali pa kuzama, hivyo hukimbilia chini yote kwa pamoja na kujikusanya katika mabonde makavu ambayo Waarabu huyaita wadi. Bonde hilo laweza kuwa kavu kwa miaka, watoto wakacheza mpira ndani yake, madereva wakalifanya njia ya mkato, na mwenye pesa akajenga ukuta katikati. Kisha mvua inyeshe mlimani, umbali wa kilomita nyingi, mahali ambapo mtu aliye bondeni haoni hata wingu. Maji humfikia jua likiwaka kichwani pake. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo huo waweza kusahauliwa na mwanadamu, lakini maji hayausahau.

KUMBUKUMBU YA MAFURIKO

Watu wa Oman wanayo kumbukumbu ya mambo hayo. Mnamo Juni, 1890, tufani iliipiga pwani ya Muscat, na watu zaidi ya 700 wakafa. Baada ya hapo vizazi vikapita. Juni, 2007, tufani iliyoitwa Gonu iliingia katika Bahari ya Oman ikiwa na nguvu ambayo haikuwa imewahi kurekodiwa katika Bahari ya Arabu, na ikaua watu wapatao 50 nchini Oman, wengi wao kwa mafuriko ya mabonde. Mei, 2018, tufani ya Mekunu iliipiga Salalah, na mji huo ukapata katika saa 24 mvua kubwa kuliko ile ya mwaka mzima. Oktoba, 2021, tufani ya Shaheen iliingia nchi kavu katika pwani ya kaskazini ya Batinah, mahali ambapo hakuna aliye hai aliyepata kuona jambo kama hilo, kwa kuwa mara ya mwisho ilikuwa ule mwaka wa 1890. Julai, 2022, ukafuata msiba wa Fujairah.

Kisha ikaja Aprili, 2024. Tarehe 16 ya mwezi huo, mahali paitwapo Khatm Al Shakla katika eneo la Al Ain, zilipimwa milimita 254.8 za mvua kwa muda usiotimia saa 24. Tangu nchi hiyo ilipoanza kuweka kumbukumbu mwaka 1949, haikupata kupimwa mvua kubwa kama hiyo. Uwanja wa ndege wa Dubai, ulio miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kabisa duniani, ukageuka ziwa, na safari zaidi ya elfu moja zikafutwa.

Lakini dunia iliyozitazama picha za ndege zikitembea majini ilisahau upesi jambo lililotangulia siku mbili kabla yake. Tarehe 14 Aprili, huko Samad al Shan, mashariki ya Oman, gari lililobeba wanafunzi lilichukuliwa na maji ya bonde. Watoto wapatao kumi walikufa. Katika siku hizo chache Oman nzima ilipoteza watu wapatao 20. Baada ya msiba huo masomo ya darasani yalisimamishwa katika majimbo kadhaa. Katika Falme za Kiarabu, ambako dhoruba ilifika baadaye, wanafunzi waliamriwa wabaki nyumbani na kusoma kwa mbali kabla mvua kubwa haijaanza.

Kila mwalimu na ayafikiri hayo mambo mawili kwa makini. Tofauti kati ya mtoto aliyekaa nyumbani na mtoto aliyekuwa ndani ya gari bondeni si tofauti ya bahati peke yake. Wakati mwingine hutokana na neno lililosemwa mapema, na mtu mwenye mamlaka ya kulisema.

UVUMI NA ELIMU

Mara tu maji yalipoanza kupungua katika mji wa Dubai, uvumi ukaenea ulimwenguni kwamba mvua hiyo ilitengenezwa na binadamu. Ilisemwa kwamba marubani walinyunyiza chumvi mawinguni na mawingu yakapasuka. Ni kweli kwamba nchi hiyo ina mpango wa miaka mingi wa kurutubisha mawingu. Lakini wataalamu wa hali ya hewa waliukataa uvumi huo kwa sababu iliyo wazi. Ndege inayonyunyizia chumvi yaweza, pengine, kulifanya wingu lililokwisha kuwapo litoe mvua zaidi kidogo. Haiwezi kuliumba wingu, sembuse dhoruba iliyotanda toka Oman hadi Iran na iliyotabiriwa siku kadhaa kabla. Uvumi wa namna hii una madhara, maana mtu akishaamini kwamba mvua ni hila ya rubani hataona sababu ya kuuliza kwa nini mtaro haukuchimbwa.

Elimu ya kweli ni nyepesi kueleweka kuliko uvumi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa kiasi cha asilimia 7. Dunia imekwisha kupata joto zaidi ya nyuzi moja tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa na mafuta kwa wingi. Maana yake ni kwamba dhoruba ikitokea, ghala lake la maji ni kubwa kuliko zamani. Wanasayansi walioichunguza mvua ya mwaka 2022 nchini Pakistan walikadiria kwamba kiasi kilichonyesha kwa siku tano mfululizo katika Sindh na Balochistan kilizidi kwa asilimia 75 hivi kile ambacho kingenyesha katika dunia isiyopata joto hilo. Walioichunguza mvua ya Aprili 2024 walikuta kwamba katika miaka ya El Niño, ambayo ndiyo hali iliyokuwapo, mvua kubwa za eneo hilo zimekuwa nzito kwa asilimia 10 hadi 40 kuliko zamani. Wala hawakudai kwamba joto la dunia ndilo sababu ya pekee. Walisema kwamba linaongeza uzito wa mvua, na walieleza pia mahali ambapo hesabu zao zina mashaka. Hiyo ndiyo adabu ya elimu, na yafaa wanafunzi wafundishwe kuitofautisha na kelele.

MVUA YA MBALI, NZIGE WA KARIBU

Kama kuna msomaji ambaye bado anaona kwamba mvua ya jangwani ni shauri la Waarabu wenyewe, na akumbuke nzige.

Tufani ya Mekunu ya Mei, 2018, haikuinyeshea Salalah tu. Ilipita ikaingia katika Rub al Khali, jangwa kubwa la mchanga ambalo karibu halina mkazi, na kuacha maziwa katikati ya vilima vya mchanga. Oktoba mwaka huo huo ikaja tufani ya pili, Luban, na kuyaongeza maji hayo. Mchanga uliolowa ukaota majani, na nzige wa jangwani wakapata mahali pa kutagia na chakula cha kulea. Kwa kuwa hapakuwa na barabara wala watu, hakuna aliyewaona. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba vizazi vitatu vilifuatana pale, na kwamba kwa miezi tisa idadi ya nzige yaweza kuongezeka mara 8,000.

Mwaka 2019 makundi yalivuka hadi Yemen, ambako vita vilikuwa vimevunja huduma za kupambana nao, na kisha yakaingia Somalia na Ethiopia. Mwishoni mwa mwaka huo yaliingia Kenya, nayo Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa muda wa miaka 70. Kundi moja lililopimwa kaskazini ya nchi hiyo lilitanda eneo la kilomita 60 kwa 40. Kundi la kilomita moja tu ya mraba laweza kula kwa siku chakula cha kuwatosha watu 35,000. Januari, 2021, nzige walionekana kaskazini mwa Tanzania, na ndege ikapelekwa kuwanyunyizia dawa.

Hivyo basi, mkulima wa Samburu na mfugaji wa Simanjiro waliingia katika hatari kwa sababu mvua ilinyesha mahali wasipopajua hata kwa jina. Ofisa wa kilimo asomaye habari za tufani katika Bahari ya Arabu hasomi hadithi za ugenini. Anasoma habari za shamba la mwanakijiji wake, miezi 18 kabla hazijafika.

WAJIBU WA MTUMISHI NA WA MWALIMU

Ipo methali ambayo hutumiwa vibaya katika ofisi nyingi baada ya kila maafa, nayo ni ile isemayo ajali haina kinga. Methali hiyo iliwafariji wafiwa. Haikutungwa ili iwe kinga ya mtu aliyezembea. Mvua haizuiliki, lakini idadi ya watakaokufa yaweza kupunguzwa, na kwa sehemu kubwa upunguzaji huo ni kazi ya watu waliokaa nyuma ya meza.

Oman yenyewe ni ushahidi. Mababu wa nchi hiyo walichimba mifereji iitwayo aflaj, ambayo zaidi ya 3,000 bado inatiririsha maji, na mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Vijiji vyao vingi vya kale vilijengwa penye mwinuko, na mitende ikaachiwa kando ya bonde. Walijua nani mwenye bonde. Katika miaka ya maendeleo ya haraka miji ilipanuka, na barabara na nyumba zikateremka mpaka kwenye njia za maji. Baada ya kilio cha 2007 nchi hiyo ilijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko kwenye mabonde yaingiayo mjini Muscat, ikaimarisha kituo cha kutoa tahadhari mapema, na sheria ya barabarani ikamhesabu kuwa mkosaji dereva avukaye bonde lililojaa kwa makusudi. Falme za Kiarabu nazo, mwaka 2023, ziliweka faini ya dirham 2,000 na adhabu ya kuzuiliwa gari kwa siku 60 kwa kosa la namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2024 ulidhihirisha kwamba kazi haijaisha. Dubai, mji wa majumba marefu kupita yote, ulitangaza Juni mwaka huo mpango wa kujenga mifereji ya maji ya mvua kwa dirham bilioni 30, kazi ambayo itaendelea hadi mwaka 2033. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo una bei.

Atatokea mtu atakayesema kwamba Waarabu wana mafuta, na Halmashauri ya wilaya haina. Hoja hiyo ina ukweli, lakini yafaa itazamwe upande wa pili. Utajiri wote wa mafuta haukuwaokoa watoto wa Samad al Shan. Jambo ambalo lingewaokoa halikuhitaji fedha: gari lisiende njia ile saa ile. Kukataa kumgawia mtu kiwanja bondeni hakuhitaji fedha, isipokuwa kunahitaji moyo wa kuikataa bahasha. Kuzibua kalvati kabla ya mvua kunahitaji majembe na siku moja ya kazi. Kuipeleka tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoka ofisi ya wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji kunahitaji simu moja. Mara nyingi habari ya hatari huwa imekwisha kutolewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa katika jalada, na jalada likakaa mezani mpaka maji yalipopita.

Wala ukame si kinga kwa Tanzania. Kanda ya kati, ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua isiyozidi milimita 600 kwa mwaka, imejaa makorongo ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, na makorongo hayo ni ndugu wa wadi za Oman. Machi, 2015, mvua ya mawe na upepo ilikipiga usiku kijiji cha Mwakata katika wilaya ya Kahama, ikaangusha nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Desemba, 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katika kila msiba wa namna hiyo wananchi walichanga, askari walichimba, na viongozi walifika kuwafariji wafiwa. Hayo ni mema na yana sifa yake. Lakini mchango wa rambirambi haulingani na kiwanja kilichokataliwa mapema.

Jambo jingine la kuangaliwa ni lugha. Watu saba waliokufa katika mafuriko ya Julai 2022 wote walikuwa raia wa nchi za Asia, wageni katika nchi ambayo wafanyakazi wake wengi ni wageni. Mgeni halijui bonde, hajui lilifurika lini, na yawezekana haielewi lugha ya tangazo. Tanzania ina heri ya kuwa na lugha moja ifahamikayo toka Kigoma hadi Pemba. Haifai heri hiyo ipotezwe kwa matangazo yaliyojaa maneno ya kitaalamu ambayo mwanakijiji hawezi kuyafanyia kazi. Kumwambia kwamba kuna uwezekano wa mvua inayozidi wastani hakumsaidii. Aambiwe ni siku gani, ni korongo lipi, na ahamishie wapi watoto na mifugo.

Hapa ndipo nafasi ya mwalimu inapoonekana. Shule ndiyo ofisi pekee ya umma ambayo karibu kila kijiji kinayo, na kila nyumba hupeleka mjumbe wake humo kila asubuhi. Kipima mvua hakina gharama kubwa. Wanafunzi wakisoma milimita kila siku na kuziandika katika daftari, kwa miaka kumi kijiji kitakuwa na kumbukumbu yake chenyewe, na hakuna atakayekidanganya kwamba bonde halijapata kufurika. Wanafunzi hao wakitumwa kuwauliza wazee maji yalifika wapi katika mwaka fulani, na wakatia alama ya rangi juu ya mti au jiwe, alama hiyo itamfundisha ofisa wa ardhi kuliko ramani iliyochorwa na mtu asiyefika. Na Mwalimu Mkuu akijua mapema njia zipi za wanafunzi wake huvuka makorongo, hatangoja barua kutoka wilayani ndipo awazuie watoto shuleni mpaka maji yapungue. Barua huchelewa, maji hayachelewi.

Umoja wa Mataifa ulitangaza Machi, 2022, azma ya kumfikishia kila mtu duniani tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Azma hiyo ni njema, lakini haitatekelezwa New York wala Geneva. Itatekelezwa, au itashindwa, katika kata na katika shule, na mtu mmoja aliyepata habari saa nne asubuhi na kuamua kama ataipeleka sasa au baada ya chakula cha mchana.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu wa Oman na Falme za Kiarabu wamenyolewa kwa wembe mkavu, nao wameanza kuyatazama mabonde yao kwa macho mapya. Mtumishi wa umma na mwalimu wa Tanzania hawana sababu ya kungoja zamu yao. Wakati wa kulikagua korongo ni sasa, likiwa kavu, wakati ambapo mtu aweza kutembea ndani yake kwa miguu, akaona ni nyumba ngapi zimesimama katika njia ya maji, na kuwataja wenyewe mmoja mmoja kwa majina. Mwenye bonde akirudi, hataulizia majina hayo.